Lamu Mashariki: kiti cha watu 22,258

Mjadala wa mipaka ya maeneobunge unapoanza Kenya, jina la Lamu Mashariki halikosi kutajwa, na mara nyingi hutajwa kama ushahidi wa dhuluma. Sensa ya 2019 ilihesabu huko watu 22,258. Ruiru, katika Kaunti ya Kiambu, ilikuwa na watu 371,111. Kila eneo lina mbunge mmoja, na wabunge hao wawili wakiingia ukumbini kura zao ni sawa. Maana yake mkazi mmoja wa Faza, mji wa Lamu Mashariki, ana uzito wa karibu wakazi 17 wa Ruiru.

Hoja hiyo si ya kubeza. Mtu wa Ruiru analipa kodi kama mwingine, watoto wake wanasongamana darasani, na mbunge wake hawezi kuwafikia hata nusu ya wapiga kura wake katika miaka mitano. Sehemu kubwa ya fedha za ustawi wa maeneobunge hugawanywa sawa kwa sawa kwa kila eneo, bila kujali idadi ya watu, kwa hiyo pengo la kura huwa pengo la basari na madarasa pia. Kilio cha "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja" kilichovuma Mlima Kenya mwaka 2024 hakikutoka hewani. Tena kina katiba nyuma yake. Kifungu cha 89 kinasema idadi ya watu katika kila eneobunge ikaribie wastani wa taifa kadiri inavyowezekana. Miji mikubwa na maeneo yenye watu wachache yanaruhusiwa kupishana na wastani huo kwa asilimia 40, kwingine kote asilimia 30. Kwa sensa ya 2019 wastani ni 164,015, na eneo lenye watu wachache halipaswi kushuka chini ya watu 98,409 hivi. Lamu Mashariki haifiki hata robo ya kiwango hicho.

Kinachoiweka hai ni kipengele cha mpito. Mipaka ilipochorwa upya mwaka 2012, katiba ilikataza mapitio hayo ya kwanza yasifute eneobunge lolote lililokuwepo. Maeneo 27 yasiyotimiza idadi yakanusurika, yakiwemo Othaya, Tetu, Mukurweini, Mathioya, Budalangi, Saku na Lamu zote mbili. Kinga hiyo ilikuwa ya mara moja tu. Muda wa mapitio yaliyofuata uliisha Machi 2024, wakati Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka haikuwa na makamishna hata mmoja. Makamishna wapya waliapishwa Julai 2025. Kwa hiyo mipaka ya 2012 inaendelea kutumika kwa sababu ya ofisi kukaa tupu. Haijatetewa na mtu yeyote kwa hoja, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Siku Tume itakapokaa na ramani, Lamu Mashariki itakuwa mstari wa kwanza kwenye orodha ya kufutwa, na sidhani wengi wa wanaoishangilia siku hiyo wamewahi kuitazama ramani yenyewe.

Eneo hili lina wadi tatu: Faza, Kiunga na Basuba. Wadi ya Faza ni kisiwa cha Pate pamoja na miji yake ya kale, Siyu, Pate yenyewe, Faza ambayo wenyewe huiita Rasini, Tchundwa, Mbwajumwali, na Kizingitini ya wavuvi wa kamba. Kutoka Amu, yaani mji wa Lamu, mtu hupita mlango wa bahari wa Mkanda kwa mashua, na maji yakiwa yametoka husubiri yajae. Wakati wa upepo wa Kusi bahari ya nje si mahali pa kupeleka mama mjamzito. Ukivuka Ndau na Kiwayu unaifuata pwani ya Wabajuni hadi Kiunga na Ishakani, mpakani na Somalia. Vita vya Shifta vya miaka ya 1960 viliwahamisha wengi wa pwani hiyo, na wapo ambao hawakurudi tena. Basuba ni msitu wa Boni, vijiji vya Waaweer kama Mangai, Mararani na Milimani. Tangu operesheni ya usalama ya Linda Boni dhidi ya Al-Shabaab ianze Septemba 2015, shule na zahanati za huko zimefungwa na kufunguliwa kufuatana na hali ya usalama, na barabara ya kwenda Kiunga imekuwa ya mabomu ya kutegwa. Kwa miaka kadhaa hata uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku, watu wakazuiwa kufanya kazi wanayoijua.

Watu hawa hawakuwa wachache kwa bahati tu. Vita, amri za kuhama na ukosefu wa usalama vimewapunguza mahali pao, kisha uchache huohuo unatumiwa kuwahoji haki ya kuwa na mbunge.

Kwa sababu hiyo nadhani ni kosa kuweka maeneo yote 27 kwenye kapu moja. Othaya au Tetu ikiunganishwa na jirani yake katika Nyeri, mkulima wa chai atapata mbunge mwenye shida zilezile za chai na kahawa, na barabara ya lami itamfikisha ofisini kwake siku hiyohiyo. Atapoteza jina la eneo, lakini hatapoteza uwakilishi. Lamu Mashariki haina jirani wa namna hiyo.

Tazama hesabu ya kaunti nzima. Lamu ilikuwa na watu 143,920 mwaka 2019. Ukitumia wastani wa taifa, hao ni watu wa kiti kimoja tu. Sasa unganisha. Lamu Magharibi inaleta watu 121,662, Mashariki 22,258. Katika kiti hicho kimoja upande wa Mashariki ungekuwa asilimia 15 na nusu, yaani mtu mmoja katika kila sita au saba. Na kasi yenyewe ya kukua imeegemea upande mmoja. Mwaka 2009 Mashariki ilikuwa na watu 18,841 na Magharibi 82,698. Katika miaka 10 Mashariki iliongeza watu 3,417, Magharibi ikaongeza 38,964. Bandari ya Manda Bay ikikua na mashamba ya bara yakizidi kupokea wageni, asilimia 15 hiyo itashuka zaidi. Mbajuni wa Kizingitini angeendelea kupiga kura kila baada ya miaka mitano, kwa uhuru kamili, bila kura yake kuamua chochote.

Historia ya Lamu Magharibi inaonyesha mwelekeo huo tayari. Fahim Twaha alikiwakilisha kiti hicho hadi 2013. Waliomfuata, Julius Ndegwa na kisha Stanley Muthama, msingi wao wa kisiasa uko bara, upande wa Mpeketoni, ambako mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta ulianza miaka ya 1970. Hakuna kosa hapo. Watu wa bara ni raia wa Lamu na kura zao ni halali. Lakini kama mji wa Amu, wenye makao ya kaunti, hauwezi tena kukiamua kiti hicho, Ndau na Kiwayu wataweza vipi?

Mashariki, kwa upande wake, imekuwa na siasa ya mlango kwa mlango. Abu Chiaba alitoka kwenye kiti hicho akaenda kuwa seneta wa kwanza wa Lamu mwaka 2013. Athman Sharif akakaa vipindi viwili. Mwaka 2022 wapiga kura walimchagua Ruweida Obo, rubani aliyekuwa mwakilishi wa wanawake wa kaunti, akawa mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho. Jamii ambayo watu wa nje huiona kama isiyobadilika ilimpa mwanamke ubunge, jambo ambalo maeneo mengi yenye watu mara kumi zaidi hayajalifanya mpaka leo.

Wapo wanaojibu kwamba Seneti iliundwa kwa ajili hiyo, wadogo wasikike huko na Bunge la Taifa lihesabu vichwa. Ni jibu zuri kwa Lamu kama kaunti, kwa kuwa seneta wake ana kura sawa na wa Kiambu kaunti zinapopiga kura. Kwa Lamu Mashariki halisaidii kitu. Seneta, gavana na mwakilishi wa wanawake wote huchaguliwa na kaunti nzima, yaani na ile asilimia 84 na zaidi ya upande wa pili. Ubunge ndio mlango pekee wa kitaifa ambao watu wa visiwa vya kaskazini na msitu wa Boni wanaufungua wenyewe.

Hata hivyo siwezi kuutetea mstari wa sasa ulivyo. Hauna mantiki hata kwa kipimo cha jiografia na udugu, vitu ambavyo Kifungu cha 89 chenyewe kinaitaka Tume ivizingatie. Amu na Manda ni visiwa, watu wake ni ndugu wa watu wa Pate kwa ndoa, lahaja na biashara ya bahari, ilhali wamefungwa pamoja na Witu na Mkunumbi. Wadi za Mkomani na Shella zikihamishiwa Mashariki, kaunti itabaki na kiti cha visiwa na kaskazini, na kiti cha bara. Idadi bado haitafika 98,409; hata ukiigawa Lamu nusu kwa nusu unapata 71,960 kila upande. Kinga ya kisheria ingehitajika, na ni afadhali iandikwe wazi kwa maeneo machache ya aina hii kuliko kuendelea kutegemea Tume kuchelewa. Kwa upande wa Ruiru, dawa ni kuipa viti zaidi. Viti vimefungwa katika 290, na jaribio la BBI, mpango wa kurekebisha katiba, la kuongeza 70 lilikwama Mahakama ya Juu Machi 2022, lakini viti vinaweza kupatikana kutoka kwa maeneo ya kinga yenye jirani wa kuungana naye bila watu wake kumezwa.

Kuna watakaopinga pendekezo hili kutoka Mashariki kwenyewe. Amu na Pate zina ushindani wa zamani, tangu kabla ya vita vya Shela mwanzoni mwa karne ya 19, na mtu wa Siyu anaweza kuona kwamba mji wa Amu ungemtawala kisiasa badala ya Mpeketoni. Waaweer wa Basuba, walio wachache kuliko wote, wana sababu zaidi ya kuogopa. Hofu hizo zinafaa kusikilizwa Faza, Kiunga na Mangai, Tume ikiwafuata wenyeji huko badala ya kuwaita Amu kwa nauli ya mashua wasiyoimudu, na ramani ikiwa bado haijachorwa.