Rada za angani: picha kali au kumbukumbu ya wote?

Kamera ya setilaiti hutegemea jua. Wingu likitanda, haioni kitu, na mafuriko huja pamoja na mawingu. Rada hutuma mawimbi yake yenyewe na kupokea mwangwi, kwa hiyo usiku na mawingu haviizuii. Seasat ya Marekani ilithibitisha hilo mwaka 1978, ingawa ilidumu miezi mitatu na ushei tu.

Mabishano ya leo ni nani aachiwe kazi hii: kampuni binafsi au mashirika ya umma. Kampuni zimepiga hatua kubwa: mwaka 2018 ICEYE ya Finland ilirusha setilaiti ya rada isiyofika kilo 100, na sasa picha za kuuzwa huonyesha vitu vidogo kuliko mita moja. Wanaozitetea wana hoja nzito. Sentinel-1B, setilaiti ya rada ya umma ya Ulaya, iliharibika Desemba 2021 kwa hitilafu ya umeme. Mbadala wake, Sentinel-1C, ikarushwa Desemba 2024. Karibu miaka mitatu mizima! Kundi la setilaiti ndogo likipoteza moja, zilizobaki huendelea na kazi.

Hata hivyo, mimi naegemea upande wa umma, kwa sababu uwezo mkubwa wa rada si picha, ni kipimo. Ukilinganisha mwangwi wa leo na wa wiki zilizopita, kutoka njia ileile angani, unagundua ardhi iliyosogea kwa sentimita, na kwa mfululizo mrefu hata milimita. Ndivyo tetemeko la Landers, California, la mwaka 1992 lilivyochorwa kwa data za ERS-1, setilaiti ya rada ya Ulaya. Kipimo hicho kinadai picha za nyuma, zilizopigwa kabla mtu hajajua atazihitaji. Kampuni hupiga zaidi pale mteja alipolipia. Mteremko usio na mteja hauna kumbukumbu siku unapoanza kumeguka. Sentinel-1 hupita kwa ratiba na data zake ni bure. NISAR, setilaiti ya rada ya Marekani na India iliyorushwa Julai 2025, imefuata mkondo huohuo, na wimbi lake la sentimita 24 hupenya majani ya miti.

Kuna tatizo ambalo pande zote mbili huligusa juujuu: usomaji. Maji tulivu huonekana meusi, kwani husukuma mwangwi pembeni. Lakini katikati ya majengo, wimbi hugonga maji, likagonga ukuta, likarudi kwa nguvu. Mtaa uliofurika hung'aa. Programu inayotafuta weusi tu itauweka mtaa huo kwenye ramani kama mkavu, hata picha iwe kali kiasi gani.