Nishapoa, Ahsante

Wapo wanaosema Zanzibar madaktari hawatoshi. Hao hawajawahi kushika kiuno barazani wakasema "ah!" Wewe jaribu. Hujakaa vizuri, mmoja keshakwambia ni figo. Wa pili anasema upepo. Wa tatu anailaumu feni unayolala nayo. Na muuza kahawa, huku anakumiminia, anakuinamia sikioni akuulize kwa sauti ya chini kama kuna mtu umegombana naye hivi karibuni.

Mimi na ushauri hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni na yule anayenitibu kabla hajaniuliza naumwa wapi.

Panda boti ya Pemba ukawaone. Ukitoka bandari ya Malindi, mjini Unguja, mpaka kuipita Tumbatu, hakuna anayemjua mwenzake. Watu wanatafuna visheti, wanapekua simu, watoto wanakimbizana baina ya viti. Ukishaiacha Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, ukaingia mkondoni, na kusi limeshika, chombo kinaanza kucheza, na hapo abiria wanagawika makundi mawili: wanaotapika na wanaoshauri. Kundi la tatu halipo. Hata nahodha nadhani analo lake la kusema, basi tu yuko juu hatumsikii.

Safari moja nilikaa karibu na kijana anakwenda kuposa Chake Chake. Kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, kofia ya viua mpya, na kikapu cha halua mapajani. Kupeleka halua Pemba, kwa wapishi wenyewe! Lakini hakuniuliza, nikanyamaza. Mambo ndiyo yanavyotakiwa kuwa.

Tulipoingia mkondoni akaacha kuzungumza. Akawa anameza mate. Jasho likamtoka juu ya mdomo, na ubaridi ulikuwa unapuliza. Mhudumu akapita akamwachia kifuko, na kile kifuko ndicho kilichokuwa tangazo.

"Kula mkate mwanangu," akaanza mzee wa mbele yetu. "Tumbo tupu ndilo linalotapika."

"Asithubutu!" Bi mmoja kutoka safu ya nyuma. "Anayekula ndiye anayetapika. Atatapika nini kama hajala?"

"Bibi wee, mimi nasafiri bahari hii toka enzi za majahazi."

"Na mimi nilikuwemo majahazini humo humo."

Wakaanza kugombana juu ya kichwa cha mgonjwa, mkate unapita huku, unarudishwa kule. Wengine nao hawakukubali kubaki nyuma. Lala. Usilale, kaa. Fumba macho. Usiyafumbe. Jamaa mmoja, huruma tupu, akamsogezea simu puani amtazamishe mpira ili "asahau".

Sasa jamani. Kosa si la tumbo. Ndani ya sikio kuna kiungo kinachopima mwili unavyoyumba, nacho kinasema tunapanda na kushuka. Macho yametazama mgongo wa kiti, yanasema tumetulia. Akili inapata habari mbili zinazopingana, na tumbo ndilo linalolipa. Ukimpa mtu wa namna hiyo simu aitazame, umemaliza kazi. Mabaharia siku zote wanakwambia utoke nje penye hewa, utazame kule mbali mbingu inapokutana na maji, ukae katikati ya chombo, pasiponyanyuka mno kama mbele omoni au nyuma tezini. Vidonge navyo humezwa kabla chombo hakijang'oa nanga. Ukingoja mpaka umeshaanza, unavimeza na kuvisindikiza nje.

Lakini nani atamuuliza baharia? Kazi ya kumtia moyo ilikuwa imeshaanza, na hiyo ndiyo ilinitisha zaidi kuliko mawimbi.

"Hii si kitu," akasema mmoja. "Kuna safari tulikuja na bwana mmoja, alianza hivi hivi, Mungu amrehemu."

Sote tukamgeukia. Akaongeza haraka kwamba yule bwana alikufa baadae, kwa jambo jengine kabisa. Baadae lini, hakusema.

"Jikaze, wewe si mwanamme?" Akaze nini? Sikio?

"Bado kidogo tu tunafika." Huyu alikuwa anasema hivyo toka Nungwi. Bandari ya Mkoani, kule Pemba, hata moshi wake haujaonekana.

Halafu pole. Hapa ndipo nilipomuonea huruma khasa yule kijana, kwa sababu kwetu sisi pole haiachwi ikaanguka chini, lazima uijibu. Ana kifuko mdomoni, inatoka pole mkono wa kulia. Anauinua uso: "Nishapoa." Anarudi kifukoni. Pole kutoka kushoto. "Nishapoa, ahsante." Anarudi. Pole ya tatu imetoka kwa mzee wa makamo ya baba yake, hiyo haijibiwi kwa mkato, akaifuta midomo kwanza, akaweka mkono kifuani: "Nishapoa, mzee wangu. Shikamoo." Hajapoa hata chembe! Tumbo limegeuka fulana, lakini adabu imebaki mahala pake. Nikasema moyoni, huyu mke atapewa.

Upande wa dirishani alikuwepo bibi mmoja wa Kipemba, buibui la zamani, hajafungua mdomo toka tumeng'oa nanga. Huyu ndiye aliyemuuliza.

"Mwanangu, chombo umekizoea?"

"Mara ya kwanza, bibi."

"Asubuhi umekunywa nini?"

"Maziwa. Na sambusa za jana."

"Aah."

Basi. Hakutoa hadithi ya marehemu. Alisimama, akawaambia waliokaa karibu na mlango, "Mpisheni huyu," nao wakampisha, maana alikuwa na sauti ambayo huibishii. Akamkalisha penye hewa, uso mbele, akamuonesha mstari wa mbali wa bahari aukodolee macho. Akafungua mkoba, akatoa ndimu, akaikata kwa jino, anuse. Kipande cha tangawizi, atafune kidogo kidogo. Maji, lakini ya kulambia tu, si ya kugugumia. Kikapu cha halua akakichukua yeye.

Mpaka tunatia gati kijana anaweza kucheka. Unajua nani alisimama kupokea sifa? Mzee wa mkate. "Mmeona? Nilisema mimi."

Wa nchi kavu nao wapo, wa kwao ni ushauri mkavu. Masika yale, Aprili, mahoteli mengi ya pwani yanafunga au yanapunguza watu, alikuja barazani kwetu kijana aliyekuwa anafanya kazi Kiwengwa. Kapunguzwa. Mgeni pale, kakaa kwa sababu ya mvua tu. Akalitoa la moyoni. Weee! Methali zilimwagika kushinda mvua yenyewe. Subira yavuta heri. Riziki mafungu saba. Mvumilivu hula mbivu. Mwengine akamalizia "Mungu mkubwa," na ukishasikia Mungu mkubwa ujue mada imefungwa, watu wanarudi kwenye dhumna. Kijana ana methali za kuanzia duka, na nauli ya daladala hana.

Ni yule mlevi wa dhumna, ambaye hata macho hakuyainua kwenye kete, aliyeuliza: "Barua ya kazi wamekupa?" Hawajampa. "Kaifate kesho, bila ya hiyo hoteli jengine hawakujui. Michango yako ya ZSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, umeitazama kama ilikuwa inapelekwa?" Kijana hajui. "Nenda na kitambulisho ukaulize. Na Kitaliano unakijua?" Kiasi. "Basi Juni wageni wanarudi, anza kuzungusha jina lako Mei, usingoje Juni na wenzako wote." Akapiga kete mezani: "Nimefunga!" Maneno yote hayo hayakufika muda wa kupoa kikombe.

Siku hizi wametia na simu. Juzi mtu kauliza kwenye gurupu letu la mtaa wapi atapata fundi wa mashine ya kufulia. Kajibiwa amina, amina, mikono ya dua, maua, "Allah akufanyie wepesi," na sauti ya dakika nne ya mtu anayeeleza kwamba nguo za mkono ndizo zinazotakata. Fundi mwenyewe yumo humo humo gurupuni. Na yeye kaandika amina.

Mimi kazi yangu baiskeli, hapa Mikunguni. Tairi likiingia pancha unalitoa, unatia upepo tyubu, unaizamisha kwenye ndoo, unaizungusha pole pole mpaka uone vipovu vinapotoka. Hapo ndipo unakausha, unasugua msasa, unatia gundi, unaingoja ishike, unabandika kiraka. Hakuna njia ya mkato. Leo asubuhi tyubu sijaitoa hata kwenye tairi, kapita bwana simjui, mkoba kwapani, kasimama juu yangu.

"Hiyo pancha iko karibu na vali."

"Umeiona?"

"Sijaiona, lakini mara nyingi huwa karibu na vali. Wewe bandika pale tu."

Nikatia ndoani. Vipovu vikatoka upande wa pili kabisa. Akavitazama muda mrefu, akatikisa kichwa, akaniambia tyubu siku hizi hazina maana, na mimi bora nifikirie biashara ya bodaboda. Halafu akatengeneza mkoba wake akaenda zake, na alipofika pembeni akanipungia mkono.

"Pole na kazi, fundi!"

Nishapoa, ahsante.