Mama wawili, mstari mmoja

Jamani, programu za kompyuta za kuchora mti wa ukoo zinakera! Binamu yangu ameasiliwa kisheria na mama yangu mdogo. Nikimweka chini ya waliomlea, programu inawachora kama ndio waliomzaa. Nikiongeza waliomzaa, chati ya kuchapisha inawafuta waliomlea, wanabaki kwenye kisanduku cha "maelezo mengine". Mama aliyekesha naye akiugua surua ni maelezo mengine?

Na nafasi ipo! Faili za GEDCOM, yaani muundo wa kuhifadhi taarifa za ukoo na kuzihamisha kati ya programu, zinaruhusu mtu mmoja kuunganishwa na familia zaidi ya moja, kila kiungo na aina yake: kuzaliwa, kuasiliwa, kulelewa. Basi waundaji, choreni mistari yote miwili. Na faili likihamishiwa programu nyingine, msiidondoshe njiani.