Wapeni majaji muda wa kuzisoma fomu

Uchaguzi wa rais ukizua ubishi, aliyeshindwa huambiwa, "Nenda mahakamani." Naunga mkono kauli hiyo kwa moyo wangu wote. Baada ya uchaguzi wa 2007 nchini Kenya, upinzani ulikataa kwenda kortini kwa kukosa imani na majaji. Zaidi ya watu 1,000 waliuawa. Na Tanzania hata mlango wa kubisha haupo: ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama yoyote kuchunguza ushindi wa rais akishatangazwa na tume. Hilo linaniuma.

Ila mlango peke yake hautoshi. Katiba ya Kenya inaipa Mahakama ya Juu siku 14 tu tangu kesi ifunguliwe: majibu, hoja za mawakili na uamuzi, vyote humo humo. Mwaka 2017 vituo vya kupigia kura vilizidi 40,000, kila kimoja na fomu yake ya 34A, ile inayojazwa matokeo ya kura za kituo. Nani atazipitia zote? Septemba 1 majaji walibatilisha matokeo, wanne dhidi ya wawili, na nitawaheshimu daima kwa ujasiri ule. Lakini uzito wa uamuzi ulikuwa kwenye jinsi matokeo yalivyotumwa na jinsi tume ilivyogoma kufungua seva zake kama ilivyoamriwa. Kura zenyewe hazikuhesabiwa upya.

Malawi walipata muda. Uchaguzi ulifanyika Mei 2019, hukumu ikatoka Februari 3, 2020. Majaji watano walikaa na karatasi za matokeo zenyewe. Ishike moja mkononi: tarakimu imepakwa wino mweupe wa kufutia, juu yake imeandikwa nyingine. Nani alifuta? Wakala alikuwepo? Swali la namna hiyo halijibiwi kwa haraka haraka. Uchaguzi ulirudiwa Juni 2020, Lazarus Chakwera akashinda.

Kasoro ya Malawi ni kwamba Peter Mutharika, aliyetangazwa mshindi wa 2019, alikuwa ameshaapishwa, akatawala miezi yote hiyo huku ushindi wake ukibishaniwa. Kenya kiapo husubiri uamuzi wa mahakama, na hapo wamepatia. Basi tuvichukue vyote viwili: kiapo kisubiri, na majaji wapewe angalau siku 60. Fomu za kila kituo zifike mezani kwao siku kesi inapofunguliwa, na tume inayozificha ihesabiwe kuwa imeshindwa kesi.