Kijiji cha Mawe, Saa Zake Mwenyewe

Jamani, nani alianzisha uvumi kwamba kwenda kijijini Italia ni kupumzika? Chukua Santo Stefano di Sessanio, huko milima ya Abruzzo, mkoa wa L'Aquila. Mita 1,250 hivi juu ya usawa wa bahari, wakazi mia na ushee, nyumba za mawe zimebanana kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Kwenye picha, peponi. Kazi ni kufika, na ukifika, kazi ni kula.

Basi la kutoka Roma Tiburtina mpaka L'Aquila halina neno. Kasheshe ni zile kilomita 30 hivi za mwisho. Ratiba imeandikwa feriale. Neno linafanana na ferie, yaani likizo, lakini maana yake ni siku za kazi, na Jumamosi imo! Jumapili na sikukuu ndizo festivo, na chini ya neno hilo mara nyingi pako peupe kama sahani iliyolambwa. Tiketi nayo usitegemee dereva. Inauzwa dukani kwa muuza sigara, penye bango la herufi T, na huyo bwana ikifika saa saba mchana anafunga duka anakwenda kula. Atarudi saa kumi. Wewe na sanduku lako mnabaki mnatazamana.

Utasema bora gari. Haya, kodi. Leseni ya nyumbani inataka iambatane na kibali cha kimataifa cha udereva, na kibali hicho kinatolewa ulikotoka, si pale kaunta. Gari zenyewe nyingi ni za gia za mkono. Kuanzia 15 Novemba hadi 15 Aprili, barabara zenye alama ya sharti hili zinakutaka uwe na matairi ya theluji au minyororo kwenye buti. Watu wananunua minyororo kwa kukadiria macho, kama wanachagua kandambili! Soma ubavuni mwa tairi, utaona mfano 205/55 R16. Saizi ikipishana, mnyororo unalegea na kukwaruza gari. Na unavishwa matairi yanayovuta, ambayo kwa gari ndogo nyingi ni ya mbele. Ukivisha ya nyuma utakuwa umeyapamba tu.

Gari linaachwa nje ya kijiji. Ndani ni ngazi, vichochoro na mapito yaliyopita chini ya nyumba za watu, na magurudumu ya sanduku hayakuumbwa kwa mawe yale. Beba begi la mgongoni. Hela taslimu nazo toa L'Aquila kabisa. Ukiingia kwenye baa ya kahawa, sema buongiorno kabla ya kuagiza chochote. Kunyamaza ni kama kupita mbele ya wazee bila shikamoo. Mchana ukishapinda, sema buonasera, hata kama jua bado linakuchoma utosi.

Sasa chakula. Jiko la mkahawa linafungwa kama saa nane mchana na kufunguliwa saa moja na nusu jioni. Katikati hapo njaa ni yako peke yako. Bili ikija utakuta neno coperto, euro moja na nusu au mbili au tatu kwa kila kichwa. Si wizi, ni malipo ya kukalia meza. Mtu unalipia kukaa!

Ndiyo maana wengi hupanga nyumba yenye jiko na kupika dengu za hapo hapo, ndogo, nyeusi-nyeusi, ambazo hazihitaji kulowekwa. Zipe nusu saa na zaidi kidogo, maana kwa kimo kile maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Chumvi mwishoni.

Ila umeme, mama yangu! Plagi yetu ya pini tatu bapa haiingii. Soketi ya Kiitalia ina matundu matatu ya mviringo kwenye mstari mmoja, na inakuja kwa saizi mbili ili usijisifu mapema. Halafu nyumba nyingi zimeunganishwa kilowati 3 tu. Piga hesabu: hita ya maji ya kuoga wati 1,200, oveni 2,000, birika 2,000. Jumla 5,200. Ukiwasha birika vyote vikiwa kazini, mita inakata, pwaa, nyumba nzima giza. Na mita haiko sebuleni. Mara nyingi iko nje, kwenye kisanduku ukutani, chini ya ngazi, kwenye baridi. Basi zima oveni na birika kwanza ndipo ushuke. Ukisahau, utapandisha swichi, taa zitawaka, utapanda ngazi zote ukihema, na kabla hujashika kitasa, giza tena.