Shinkansen: pasi ya yen 50,000 ya nini?

Anayepanga safari ya kwanza Japani bado anaambiwa na kila mtu anunue Japan Rail Pass, pasi ya kupanda treni bila kulipia kila safari, kabla hajaondoka kwao. Ushauri huo umechacha. Oktoba 2023 pasi ya siku 7 ilipanda kutoka yen 29,650 hadi 50,000. Tokyo hadi Kyoto kwa Nozomi, mojawapo ya treni za mwendokasi za Shinkansen, ni kama yen 14,000, yaani 28,000 kwenda na kurudi. Hata ukifika Hiroshima ukarudi Tokyo, hugusi 50,000. Tena mwenye pasi akitaka Nozomi, ambayo ndiyo ya haraka zaidi kwenye njia hiyo, lazima aongeze pesa. La sivyo apande treni ya Hikari. Nunua tiketi moja moja.

Tiketi za karatasi huwachanganya watu kwa kuwa mara nyingi ni mbili: ya nauli ya umbali, na ya ada ya mwendokasi pamoja na kiti. Getini zipachike moja juu ya nyingine, uzitie kwa pamoja. Zitatokea upande wa pili wa mashine. Zichukue! Wapo wanaopita mikono mitupu, wakaja kukwama kwenye geti la kutokea.

Kuokoa pesa kwa kiti kisichohifadhiwa hakuna maana. Kati ya Tokyo na Kyoto tofauti haifiki yen 1,000 siku za kawaida, na Nozomi imebakiza mabehewa mawili tu ya viti hivyo, la 1 na la 2, kati ya 16. Mwaka mpya, Golden Week (likizo za mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei) na Obon (sikukuu ya Agosti ya kuwakumbuka wafu) hakuna kabisa. Hifadhi kiti, na ukitoka Tokyo omba E, dirishani upande wa kulia: baada ya dakika 40 na ushei Mlima Fuji unatokea, mawingu yakikubali.

Aliyezoea SGR ya Nairobi na Mombasa, yenye ukaguzi na mbwa wa kunusa mizigo, atashangaa: hapa hakuna. Dakika 15 kabla zinatosha, ila treni ina urefu wa mita 400, kwa hiyo simama penye namba ya behewa lako.

Balaa kubwa ni sanduku. Jumlisha urefu, upana na kina. Likizidi sentimita 160, mpaka 250, lazima uhifadhi kiti cha safu ya nyuma chenye nafasi ya mzigo mkubwa. Bei ni ileile, lakini ukipanda bila kuhifadhi unatozwa yen 1,000. Mashirika mengi ya ndege huishia 158, hivyo sanduku la kawaida linapona, ila kulinyanyua kilo 23 mpaka kwenye rafu ya juu ni kazi nyingine. Lipeleke kwa takkyubin, huduma ya kusafirisha mizigo, kutoka hoteli hadi hoteli. Kwa kawaida linafika kesho yake. Wewe baki na begi la mgongoni.

Kyoto treni husimama dakika moja au mbili tu, kisha inaendelea Shin-Osaka. Simama mlangoni mapema. Na Shin-Osaka siyo Osaka: unabadili treni ya kawaida, kituo kimoja. Ukiwa umetoka Tokyo, geti la kuunganishia linameza tiketi ya mwendokasi na kukurudishia ya nauli, ambayo inakufikisha Osaka bila kuongeza hata yen moja. Aliyenunua kwa programu ya Smart EX hana nafuu hiyo, analipa kivyake.