Baiskeli ya Kwenda Kazini na Hesabu ya Majeraha

Anayewaambia wenzake kazini kwamba ameanza kuja kwa baiskeli huonywa mara moja kuwa atagongwa. Onyo hilo si la kubezwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la kitabibu la BMJ, uliofuatilia watu zaidi ya 230,000 nchini Uingereza, ulionyesha kwamba uwezekano wa kulazwa hospitalini kwa majeraha ulikuwa mkubwa kwa asilimia 45 kwa waendao kazini kwa baiskeli kuliko kwa watumiao magari na usafiri wa umma. Takwimu hiyo hunukuliwa sana, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Utafiti wenyewe haukuishia hapo. Watafiti walikadiria kwamba watu 1,000 wakitumia baiskeli katika safari zao za kazini kwa miaka 10, watakaolazwa kwa jeraha kwa mara ya kwanza wataongezeka kwa 26, na kati yao watatu ndio watakaokaa hospitalini wiki moja au zaidi. Lakini watakaogundulika kuwa na saratani watapungua kwa 15, watakaopata maradhi ya moyo na mishipa ya damu kwa wanne, na watakaofariki kwa watatu. Tatizo ni kwamba pande mbili za hesabu hii hazionekani kwa usawa. Mkono uliovunjika una tarehe, mahali na mashahidi, ilhali saratani isiyotokea haina mwenyewe, kwa kuwa hata aliyeepushwa nayo hajui kwamba ameepushwa. Kwa hiyo 26 inatisha, na 15 haimsisimui mtu, ingawa sidhani kama yupo ambaye, akipewa kuchagua, angeacha bandeji ya plasta akachukua saratani. Ni kweli kwamba wanaochagua baiskeli huenda walikuwa na afya nzuri tangu mwanzo, na marekebisho ya kitakwimu, yaani kuzingatia tofauti kama hizo katika hesabu, hayaondoi shaka hiyo yote.

Hata hayo majeraha, si haki kuitwika baiskeli lawama yote. Mtu anayepita kando ya magari yaliyoegeshwa hulazimika kuacha nafasi ya karibu mita moja, kwa kuwa mlango wowote unaweza kufunguliwa ghafla. Akiiacha, anapigiwa honi kwamba amejaa barabara. Akijibana pembeni, mlango unamsukuma katikati ya magari yaendayo kasi. Mtego huo uliwekwa na aliyechora barabara. Nchini Uholanzi, mwaka 1971, watu zaidi ya 3,000 walikufa barabarani, wakiwamo watoto zaidi ya 400. Wazazi waliandamana, na baada ya muda njia za baiskeli zilitengwa na magari. Waholanzi hawakuambiwa waache baiskeli.

Kero nyingine ni ndogo. Jasho hupungua mkoba ukitoka mgongoni ukafungwa kwenye keria, mvua ina koti lake, na pancha huzibwa kwa dakika chache na mwenye kiraka na pampu. Jambo zito ni umbali. Kilomita tano kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa ni dakika 20, muda ambao aliye kwenye foleni ya magari huenda bado hajafika nusu ya njia. Lakini anayeishi kilomita 30 kutoka kazini, au anayepitia shuleni kuacha watoto wawili, hawezi kulaumiwa kwa uvivu. Kwake baiskeli inafaa hadi kituo cha basi au treni tu, na hilo nalo litawezekana iwapo kituoni pana mahali pa kuifungia bila hofu ya kuibiwa.